Nilivyoishusha Vitz yangu mwenyewe uani kwa mama, na gunia la machungwa lililonitia adabu

Wakubwa habari zenu, naandika hii kwa sababu wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kaniuliza "bro kushusha gari si kubadilisha springi nne tu?" (kushusha, yaani kuifanya gari ikae chini zaidi) na mimi mwaka jana nilikuwa nasema maneno hayohayo kwa mdomo huuhuu. Kwahiyo ngoja niseme kila kitu, na hela iliyotoka, na uzembe nilioufanya, maana mmoja ulikaribia kunitoa jicho.

Gari yenyewe ni Toyota Vitz, ile ya KSP90 (ndio namba ya modeli), cc 996, piston tatu, wenyewe mnazijua. Nipo Tanga, Ngamiani, naishi kwa mama, na ua wetu ni mchanga mtupu na mwembe mmoja. Gari ilikuwa imesimama juu kama kuku aliyelowa, ringi nilishaweka 15 lakini pale juu ya tairi unaingiza ngumi nzima na nafasi inabaki. Ilikuwa inanikera kila nikiiangalia, sina sababu nyingine, ni urembo tu na sitadanganya mtu kwamba nilitaka gari itulie kwenye kona.

Fundi wa kwanza niliyemuuliza akaniambia lete tuzikate na grinda, elfu ishirini unaondoka. Nashukuru Mungu siku hiyo sikuwa na hiyo elfu ishirini. Springi ikikatwa ile ncha yake haikai tena vizuri kwenye kitako chake, na ukipiga jeki gari au ukiruka tuta tairi likaning'inia, springi inakuwa fupi mno inacheza mle ndani, inaweza kuhama kabisa. Alafu wengine wanakata kwa gesi, chuma kinapata moto kinapoteza ile nguvu yake, baada ya muda upande mmoja unalala. Springi ya kushushia iliyotengenezwa kiwandani ni fupi ndio, ila waya wake ni mgumu zaidi na ncha zake zimeumbwa zikae palepale ilipokuwa inakaa ya mwanzo. Hiyo ndio tofauti unayoilipia.

Nikatafuta wiki tatu, nikapata Kariakoo seti nzima used ya Japani, nyekundu zilizopauka, laki na nusu, wakanirushia kwa basi nikalipia elfu tano ya mzigo. Hapa kosa namba moja: zilikuja bila karatasi yake. Karatasi ya springi mpya inakwambia inashuka sentimita ngapi, na ile raba ya ndani ya shokapu ukate au uiache. Mimi nikaona karatasi ya nini, chuma si nimekishika mkononi. Mtaona mbele.

Kabla hujagusa nati yoyote chukua futi upime. Pima kutoka ardhini mpaka ukingo wa fenda juu ya tairi, pembe zote nne, gari ikiwa tupu na sehemu iliyo sawa, andika. Yangu ilikuwa mbele sentimita 65 na nusu, nyuma 65. Bila hizo namba baadae utakuwa unabishana na macho yako. Jambo jingine la siku moja kabla, hasa kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, puliza WD-40 kwenye nati zote unazopanga kufungua, jioni, na asubuhi upulize tena. Chumvi ya huku inazila nati mpaka unadhani zimechomelewa.

Jumamosi saa moja asubuhi nikaanza, mimi na mdogo wangu, nikijua saa nne nitakuwa nakunywa chai.

Jeki ya gari kwenye mchanga ni kichekesho, unainua gari inashuka jeki. Tukatafuta ubao mnene tukauweka chini. Sikuwa na stendi, nikataka kuweka matofali ya saruji, jirani yetu mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori akaniita pembeni, akaniambia "mwanangu, tofali halipindi likakuonya, tofali linapasuka tu na wewe uko chini". Akanipa magogo mawili ya mninga aliyokuwa anakalia. Tairi tulilolitoa tukalilaza chini ya ubavu wa gari pia, kwamba hata gogo likihama gari idondokee tairi na sio mimi. Kama mna hela nunueni stendi, ila hiyo ya tairi chini ya gari ifanyeni hata mkiwa na stendi.

Tulianza nyuma na kusema kweli nyuma ni mteremko. Kwenye Vitz hii springi ya nyuma imekaa peke yake, shokapu iko pembeni yake, na magurudumu mawili yameunganishwa na lile bimu moja. Unaweka jeki chini ya bimu, unafungua bolti za chini za shokapu pande zote mbili, unashusha jeki taratibu, bimu inashuka na springi unaitoa kwa mkono kama unatoa chupa kwenye kreti. Cha kuangalia ni mipira ya breki na waya, usiache bimu ining'inie ikavuta mpira wa breki. Na zile raba za juu na chini ya springi zihamishie kwenye springi mpya, nilitaka kuziacha mdogo wangu ndio akasema "kaka hii haikuwepo hapa?"

Saa tatu nyuma kwisha. Nikapiga picha nikatuma kwa washkaji. Kichwa kikavimba.

Bolti ile ya chini ya shokapu nikaikaza gari bado iko hewani. Hilo ni kosa nililokuja kulijua miezi baadae. Pale pana bushi, raba iliyobanwa na chuma, ukiikaza tairi linaning'inia basi raba inashika hapo, gari ikishuka chini raba inakaa imesokotwa muda wote. Inakuwa ngumu, inalia, inachanika mapema. Iache legelege, shusha gari ikanyage yenyewe au inua bimu kwa jeki mpaka ibebe uzito, ndio ukaze.

Sasa mbele. Nikafungua boneti nitafute nati za juu za shokapu, sizioni. Kumbe kwenye hii gari zimejificha chini ya ile plastiki ya waipa, inabidi utoe mikono ya waipa, utoe plastiki yote, utoe na mota ya waipa na bati lake. Nilipoteza saa nzima na nusu hapo na klipu tano za plastiki zikavunjika. Bandika selotepu kwenye kioo pale waipa zinapolala kabla hujazitoa, mimi sikubandika na mvua ya kwanza waipa zikawa zinapiga bodi.

Huku chini unatoa mpira wa breki kwenye kishikio chake, waya wa ABS (ule wa breki), ile linki ya stabilaiza, kijiti kinachoshika shokapu na chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona (ikizunguka nayo nati yake, ishikilie kwa spana ya hekisagoni ile ncha ya katikati), alafu bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu na kitovu cha gurudumu. Hizo bolti kabla hujazigusa zichoree mstari kwa rangi ya kucha au korekta, ili urudishe karibu na pale zilipokuwa. Na funga hicho kitovu kwa kamba kisianguke nje, maana kikidondoka kinaweza kuchomoa ekseli huku ndani kwenye gia boksi na hapo Jumamosi yako imekufa.

Shokapu ya kulia ikatoka saa saba mchana. Jua la Tanga mnalijua.

Nilikuwa nimenunua kibana springi, zile ndoano mbili zenye skrubu ndefu, elfu arobaini. Naomba hapa msome polepole. Gari hii ina uzito wa kama tani moja, sehemu kubwa iko mbele, kwahiyo kila springi ya mbele inabeba zaidi ya kilo 250, na hata ukiitoa kwenye gari bado imekandamizwa kati ya kile kikombe cha shokapu na maunti ya juu, yaani kile kitako kinachofungwa kwenye bodi. Kinachoizuia isiruke ni nati moja tu ya katikati. Ukifungua ile nati bila kubana springi umeshika bunduki.

Hilo nilikuwa nalijua. Nikabana. Ila ndoano sikuziweka mkabala, moja hapa na nyingine ng'ambo yake kabisa, kwa sababu upande mmoja ile sahani ya shokapu ilikuwa inazuia, nikasema itatosha. Alafu nikawa nakaza upande mmoja sana ndio nahamia wa pili, badala ya kwenda raundi mbili huku raundi mbili kule. Springi ikaanza kupinda kama ndizi. Niliiona inapinda. Nikajiambia bado kidogo, nikaweka spana kwenye nati ya juu, shafti ikawa inazunguka nayo, nikaishikilia, nati ikalegea, nikaendelea, na ndoano moja ikateleza waya mmoja kwenda mwingine, PAA.

Sikuona kitu. Masikio yangu yaliposikia tena, maunti ilikuwa imetoboa bati la geti la mama, tundu la kupita ngumi, springi iko chini ya mwembe inazunguka kama shilingi, na kidole changu cha gumba kinatoka damu na wala sijui kiliguswa na nini. Mdogo wangu dakika mbili kabla alikuwa amekaa kwenye ndoo mbele ya lile geti anamenya embe, alikuwa ameingia ndani kutafuta chumvi.

Mama akatoka na upawa mkononi. Akaangalia geti, akaniangalia mimi, akaangalia ile ndoo. Hakusema kitu, akarudi jikoni. Ningependa angenitukana.

Nilikaa chini ya mwembe kama nusu saa mikono inatetemeka. Baadae nikamwita mtu wa bajaji, nikapakia shokapu zote mbili (ya kushoto tuliitoa jioni hiyo bila kuifungua) nikapeleka gereji moja wana ile mashine ya kubania springi iliyosimama, imefungwa ukutani. Elfu kumi kwa moja, elfu ishirini zote, na jamaa kazimaliza dakika ishirini na tano huku anaongea na simu. Ndio maana kila anayeniuliza namwambia kazi ya gari fanya nyumbani, ufurahi, ujifunze, ila kutoa springi kwenye shokapu ya mbele peleka kwa mwenye mashine. Na kama huna budi kutumia ndoano basi ziwe mkabala, paka grisi skrubu zake, kaza kidogokidogo kwa zamu kwa mkono na sio kwa mashine ya upepo, usielekeze ile ncha ya juu kwako wala kwa mtu, na ukiona springi inapinda, legeza uanze upya. Raha moja ya springi fupi ni kwamba kuingiza mpya ni rahisi, zangu zilihitaji kubanwa kidogo sana. Shida ni kuitoa ya zamani.

Jumapili tukarudishia. Saa kumi na moja jioni gari ikashuka kwenye jeki, nikasogea nyuma mpaka ukutani niione yote, aisee. Nikasahau geti. Nilipima, mbele 62 na nusu, nyuma 62 na nusu. Baada ya wiki mbili springi zikajikalia, mbele ikawa 61 na nusu na nyuma 62, kwahiyo msipeleke alaimenti (kupimwa na kunyooshwa mwelekeo wa matairi) siku ileile, endesheni kwanza wiki moja mbili. Ila na nyie msifanye kama mimi niliyekaa miezi miwili nikisema "nitapeleka mwisho wa mwezi".

Siku ya tatu ilianza kelele. Nikikata usukani nimesimama, kong, upande wa kulia, kama mtu anagonga bomba. Nikawaza stelingi, nikawaza boljointi, nikanunua linki nisiyoihitaji (hiyo siiweki hata kwenye hesabu, nimeirudisha kwa muuzaji kwa ugomvi). Mwisho nikachungulia na tochi, ncha ya chini ya springi ya kulia haijakaa kwenye ngazi yake. Kile kikombe cha shokapu kina kidato, ncha ya springi lazima iegemee pale, yangu ilikuwa imepita kama vidole viwili. Jamaa wa gereji aliharakisha na simu yake, na mimi niliyepokea sikukagua, kwahiyo lawama tugawane. Kutoa tena waipa, plastiki, mota, yote. Mara ya pili nilitumia saa mbili tu, hiyo nayo ni elimu.

Kuhusu mwendo, mjini ilikuwa safi. Ngumu kidogo lakini haiyumbi, kona za kwenda Raskazone nilikuwa nazikata natabasamu. Matuta nikajifunza kuyapita mshazari. Nikaona mbona watu wanalalamika bure.

Alafu ikaja harusi Muheza. Mimi, mama, mama mdogo, shangazi, na mtoto wa shangazi ambaye sio mtoto tena. Kwenda tulikwenda, tuligusa chini mara mbili nikawasha redio. Kurudi sasa, msimu wa machungwa, na nani atatoka Muheza mikono mitupu? Mama akanunua gunia. Nikasema mama gari haitaweza, akaniambia "gari inayoshindwa machungwa ni gari au ni kiti?" Shangazi akacheka mpaka akafuta macho. Gunia likaingia kwenye buti.

Tuta la kwanza baada ya kutoka pale niliingia taratibu, gari ikapanda, ikashuka, na nyuma ikatua DU, sio mlio wa springi, ni mlio wa gari imefika mwisho, mgongo wote ukausikia. Baada ya hapo kila shimo ni DU, na harufu ya raba ikaanza kuingia ndani, tairi la nyuma kushoto linakwangua plastiki ya ndani ya fenda. Nikasimamisha. Shangazi na mwanae wakapanda daladala na nusu ya machungwa, mama akabaki mbele amekumbatia pochi, hatukuongea mpaka tumefika mjini.

Kilichotokea ni hesabu nyepesi tu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Shokapu ina safari yake, tuseme inaweza kushuka sentimita kadhaa kabla ya kugonga ile raba ya mwisho. Mimi nilishaila tatu mpaka nne ya hiyo safari kabla hata mtu hajapanda. Ukiweka watu watano na gunia, unaila iliyobaki. Na ile raba sikuipunguza, kwahiyo shokapu ilikuwa inaigonga mapema zaidi. Hapo ndio nilipoikumbuka ile karatasi. Baadae nilikata pingili moja ya raba za mbele na nyuma kwa kisu kikali, ikasaidia kiasi, lakini usiitoe yote, raba ndio inayozuia chuma kupiga chuma.

Mwezi wa tatu tangu niishushe, shokapu za mbele zikaanza kutoka jasho la oili, zote mbili. Zilikuwa za zamani tayari, zina kilomita zaidi ya laki moja, na springi ngumu inaifanyisha kazi shokapu kuliko ilivyozoea, kila inaporudi juu inarudi kwa nguvu. Gari ikawa inaruka kama mpira, ukipita tuta moja inaitikia mara tatu. Mpya, pea, laki na themanini. Na kubadili shokapu maana yake ni plastiki ya waipa mara ya tatu, elfu ishirini nyingine ya kubana springi, ukizifanya pamoja na springi siku ya kwanza hiyo yote huilipi.

Na tairi. Gari ikishuka matairi ya mbele yanalala kidogo kwa ndani kule juu, na pia mwelekeo wake unabadilika, yanaweza kuangaliana au kutazama nje. Kulala kidogo sio kesi kubwa, kinachoua tairi haraka ni huo mwelekeo. Nilipopeleka alaimenti baada ya miezi miwili fundi akapitisha mkono upande wa ndani wa tairi, akautoa akanionyesha, kucha imekwaruzwa na waya. Kwa nje tairi zilikuwa nzuri zina kashata (meno ya mpira) kabisa, ndani zimeisha. Mbili mpya, laki mbili na arobaini. Alaimenti elfu ishirini na tano, na nyingine tena baada ya kubadili shokapu.

Nilipiga hesabu yote: springi laki na nusu, mzigo elfu tano, kibana elfu arobaini (kipo, nakiuza, atakayekitaka anitafute ila nitampa na mhadhara), WD elfu kumi na mbili, kubana springi mara mbili elfu arobaini, alaimenti mbili elfu hamsini, shokapu laki na themanini, matairi laki mbili na arobaini. Laki saba na elfu kumi na saba. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa laki mbili. Geti sijaliziba, bati najua bei yake ila kuna kuku anapitia pale na mama hataki lizibwe, anasema liwepo nilione.

Mtu akiniuliza kama najuta, gari bado iko chini na bado naigeukia nikishapaki. Ila sasa hivi sipakii zaidi ya watu watatu na ikiwa kuna safari ya Muheza naazima gari ya mjomba. Springi za mwanzo nimezipaka grisi nikazifunga kwenye gunia, lilelile la machungwa, ziko uvunguni, kwa siku nitakayouza gari maana atakayenunua huenda ana watoto wanne. Mama ameshauliza mara tatu kama haziwezi kwenda kwa wauza chuma chakavu.